Maradhi ya Via vya Uzazi vya Mwanamke Yanayozuia Mimba: Namna Yanavyotambuliwa na Kutibiwa

Utangulizi

Miongoni mwa mambo yanayowaleta wanawake katika kliniki za magonjwa ya kike, suala la mtoto ndilo linalotajwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Wengi hufika wakilalamikia maumivu ya tumbo au uchafu ukeni, na ni pale wanapokaribia kuondoka ndipo husema kwamba wameolewa miaka kadhaa na hawajashika mimba. Wengine hawafiki kabisa hospitalini. Huanzia kwa majirani, huendelea kwa wauza dawa za asili, na hufika kwa daktari baada ya miaka mingi, wakati umri umekwisha kupunguza nafasi yao.

Somo hili linaeleza maradhi makuu ya via vya uzazi vya mwanamke yanayozuia mimba, njia za kuyatambua na tiba zilizopo. Limeandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida, wahudumu wa afya ya jamii na wanafunzi wa fani za afya. Baada ya kulisoma, msomaji aweze kueleza mimba hutungwa vipi, kutaja vizuizi vyake vikuu, kutofautisha tiba yenye msingi na isiyo na msingi, na kumshauri mtu ni lini aende kumwona daktari.

1. Ugumba ni nini, na ni wakati gani wa kutafuta msaada?

Shirika la Afya Duniani huueleza ugumba kuwa ni hali ya kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita duniani hupitia hali hii katika maisha yake. Kwa hiyo ugumba ni jambo la kawaida mno, wala si laana ya ukoo fulani.

Ugumba ni wa aina mbili. Upo ugumba wa awali, ambapo mwanamke hajawahi kushika mimba. Na upo ugumba wa baadaye, ambapo amewahi kushika mimba, hata kama haikufika mwisho, lakini sasa hapati nyingine. Aina hii ya pili hupuuzwa kwa kuwa watu hudhani aliyezaa mara moja hawezi kuwa mgumba. Katika mazingira yetu ndiyo inayobeba alama za maambukizi yaliyofuata uzazi au mimba iliyoharibika.

Muda wa kusubiri hutegemea umri. Mwanamke aliye chini ya miaka 35 anaweza kusubiri mwaka mmoja kabla ya kuanza uchunguzi. Aliyetimiza miaka 35 asisubiri zaidi ya miezi 6, na aliyefikia 40 aende mapema bila kungoja. Vivyo hivyo, asingoje yeyote ambaye hedhi zake hazieleweki, aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, au ambaye mume wake ana tatizo linalojulikana.

2. Safari ya yai

Ili kufahamu kizuizi, yafaa kwanza kuifahamu njia. Kila mwezi ovari moja hupevusha yai moja na kuliachia. Ncha ya mrija wa uzazi, yenye vidole laini, hulidaka yai hilo na kuliingiza ndani. Mirija hii huitwa pia mirija ya Falopia, kwa jina la Gabriele Falloppio, mtaalamu wa Kiitalia wa elimu ya maumbile ya mwili aliyeieleza katika karne ya 16. Kila mrija una urefu wa sentimita 10 hadi 12, na sehemu inayopenya ukuta wa mji wa mimba ina tundu lisilozidi milimita moja.

Ndani ya mrija mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupepea na kulisukuma yai taratibu. Mbegu za kiume hupanda kutoka ukeni, hupita mlango wa kizazi na mji wa mimba, kisha hukutana na yai katika sehemu pana ya mrija. Hapo ndipo mimba hutungwa. Yai huishi kati ya saa 12 na 24 tu tangu kuachiwa, ilhali mbegu za kiume zaweza kuishi hadi siku 5. Ndiyo maana siku zenye uwezekano wa mimba katika kila mzunguko ni kama 6: siku yai linapoachiwa na zile 5 zinazotangulia. Baada ya kutungwa, mimba changa husafiri siku kadhaa hadi kwenye mji wa mimba na kujishikiza katika utando wake wa ndani.

Kutokana na maelezo haya msomaji ataona kwamba mambo manne yanahitajika: yai lipevuke, mbegu ziwe na afya, mrija upitike, na mji wa mimba uwe tayari kupokea. Maradhi yote yanayofuata yanavunja moja au zaidi ya mambo hayo.

3. Mirija iliyoharibika

Katika Afrika kusini mwa Sahara, kuharibika kwa mirija ni miongoni mwa sababu kuu za ugumba wa wanawake, na chanzo chake kikubwa ni maambukizi. Kwa sababu hiyo tutalikalia jambo hili kwa kirefu.

Maambukizi huharibu mirija kwa njia gani?

Bakteria wa kisonono na klamidia huingia kwa njia ya kujamiiana, huanzia kwenye mlango wa kizazi, kisha hupanda hadi kwenye mirija. Bakteria wengine huingia baada ya kujifungua, mimba kuharibika, au mimba kutolewa katika mazingira yasiyo salama. Mwili hupigana nao, na katika vita hiyo vinyweleo vya mrija hufa, kuta hushikamana, na vile vidole vya ncha hugandana na kufunga mlango. Maambukizi yakiisha, kovu hubaki.

Ugumu wa klamidia ni ukimya wake. Wanawake wengi walio nayo hawana maumivu wala uchafu wowote, na hujua tu walipopita miaka mingi baadaye picha ya mirija inapopigwa. Wenye dalili huhisi maumivu chini ya kitovu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, homa, uchafu wenye harufu au rangi isiyo ya kawaida, au kutokwa damu katikati ya mwezi.

Kila shambulio huongeza madhara. Utafiti maarufu uliofanywa Lund, Sweden, na kuchapishwa mwaka 1992 uliwafuatilia wanawake waliougua maambukizi ya nyonga. Ugumba wa kuziba mirija ulionekana kwa takriban asilimia 8 ya walioshambuliwa mara moja, asilimia 20 ya walioshambuliwa mara mbili, na asilimia 40 ya walioshambuliwa mara tatu au zaidi. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba wanaochelewa kutibiwa kwa siku tatu au zaidi tangu dalili kuanza hukabiliwa na hatari kubwa zaidi kuliko wanaowahi.

Tiba ya maambukizi

Tiba ya hatua hii ni antibiotiki za aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kwa kuwa bakteria wanaohusika ni wengi. Kwa kawaida dozi huchukua siku 14. Mambo matatu huiharibu tiba hii: kununua vidonge vichache dukani bila kupimwa, kuacha dawa maumivu yanapopungua, na kumtibu mke bila kumtibu mume. Mwenzi asipotibiwa, maambukizi hurudi, na kila yanaporudi huongeza kovu.

Kovu likishakuwepo

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, nasi twaomba msomaji aizingatie. Antibiotiki huua bakteria, haiondoi kovu. Vivyo hivyo, hakuna kidonge, unga, mzizi wala maji ya kunywa yaliyothibitishwa kuzibua mrija uliozibwa na kovu. Kinachomezwa huenda tumboni, huvunjwa, na kusambazwa na damu mwili mzima. Hakina njia ya kuufikia mrija na kutenganisha kuta zilizogandana. Dawa zinazoingizwa ukeni kwa kisingizio cha kusafisha kizazi ni hatari zaidi, kwa maana huunguza ngozi laini ya uke, huvuruga bakteria wenye faida na kufungua mlango wa maambukizi mapya.

Wengi huuziwa dawa hizi kwa jina la chango la uzazi. Neno chango hubeba mambo mengi: maumivu ya hedhi, hedhi zilizovurugika, mimba kuharibika, na kutoshika mimba. Mhudumu wa afya asilidharau neno hilo, kwa sababu dalili anazozieleza mgonjwa ni za kweli. Kazi yake ni kuuliza ni dalili ipi hasa, kisha kuitafutia chanzo chake. Chango la mmoja laweza kuwa endometriosisi, na la mwingine likawa mirija iliyojaa maji.

Kupima mirija

Kipimo kinachopatikana kwa wingi ni picha ya eksirei ya mji wa mimba na mirija. Dawa inayoonekana kwenye eksirei hupitishwa polepole kwenye mlango wa kizazi, na picha huonyesha kama inamwagika upande wa pili wa mirija. Hufanywa siku chache baada ya hedhi kwisha, kabla yai halijapevuka, na haifanywi kwa mwenye maambukizi yanayoendelea. Huuma kwa muda mfupi, na dawa ya maumivu hutolewa kabla. Wakati mwingine mrija hubana kwa mkazo wa misuli ukaonekana umeziba kumbe sivyo. Kwa hiyo picha moja ya kuziba karibu na mji wa mimba haitoshi kumkatisha mtu tamaa. Njia ya uhakika zaidi ni laparoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa kwenye tundu dogo karibu na kitovu, ambayo huonyesha pia mishikamano iliyo nje ya mirija.

Njia za tiba

Kwanza, upasuaji wa kufungua ncha ya mrija au kukata mishikamano. Huwafaa wanawake wenye umri mdogo ambao uharibifu wao ni mdogo na kuta za mirija bado ni nyembamba na laini. Mwanamke aliyefungwa mirija kwa hiari yake na akabadili nia naye aweza kuunganishwa upya, na matokeo huwa mazuri zaidi kwake kwa kuwa mirija yake haikuugua. Baada ya upasuaji wowote wa mirija, hatari ya mimba kutunga nje ya mji wa mimba huongezeka. Hedhi ikichelewa, mwanamke huyo aende hospitali mapema, wala asisubiri kliniki ya kawaida ya wajawazito.

Pili, mrija uliojaa maji. Mrija uliofungwa nchani hukusanya majimaji na kuvimba kama soseji. Majimaji hayo hurudi kwenye mji wa mimba na kuizuia mimba isijishikize. Ndiyo maana tafiti zimeonyesha kwamba mrija wa namna hiyo hupunguza karibu nusu ya mafanikio ya utungishaji nje ya mwili, na kwamba kuuondoa au kuufunga kabla huyarudisha. Mgonjwa huona ajabu kuambiwa akatwe mrija ili apate mtoto. Hana budi kuelezwa sababu kwa utulivu.

Tatu, utungishaji wa mimba nje ya mwili. Njia hii ilizaliwa kutokana na tatizo hilihili. Louise Brown, mtoto wa kwanza kupatikana kwa njia hiyo, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, kwa mama ambaye mirija yake ilikuwa imeziba. Mtafiti Robert Edwards alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2010 kwa kazi aliyoifanya pamoja na daktari Patrick Steptoe na muuguzi Jean Purdy, ambao wakati huo walikuwa wamekwisha kufariki. Mwanamke hudungwa sindano za kupevusha mayai kadhaa, mayai hutolewa kwa sindano nyembamba inayoongozwa na altrasaundi, hukutanishwa na mbegu maabara, na mimba changa hurudishwa katika mji wa mimba baada ya siku 3 hadi 5. Afrika Mashariki huduma hii ipo katika miji mikubwa, nayo ni ghali. Haina uhakika wa mara moja, na mafanikio yake hupungua kadiri umri wa mwenye yai unavyoongezeka.

4. Yai lisilopevuka

Mwanamke mwenye hedhi za mpangilio, kila baada ya siku 21 hadi 35, kwa kawaida hupevusha yai. Hedhi zinazopishana miezi miwili au mitatu huashiria kwamba yai halipevuki ipasavyo. Chanzo kikuu ni sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, iliyokadiriwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 kuwapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Dalili zake nyingine ni chunusi, vinyweleo kidevuni au kifuani, na mara nyingi unene. Vifuko vinavyoonekana kwenye altrasaundi ni mayai machanga yaliyosimama njiani, si uvimbe wa kukatwa.

Hali hii hutibika vizuri. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kwaweza kurudisha upevukaji bila dawa yoyote. Isipotosha, dawa ya kwanza siku hizi ni letrozoli, inayomezwa kwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha wanawake 750, ulionyesha kwamba asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walijifungua mtoto hai, ikilinganishwa na asilimia 19.1 ya waliotumia klomifeni, dawa iliyozoeleka kabla yake. Metformini husaidia baadhi, na sindano za homoni hubaki kwa wale ambao vidonge vimeshindwa. Nyingi ya dawa hizi zaweza kuleta mapacha, na kwa hiyo hutumiwa chini ya uangalizi, si kwa kununua dukani kwa ushauri wa rafiki.

Daktari hupima pia tezi ya shingo na homoni ya prolaktini, ambazo zikivurugika huzuia yai kupevuka na hutibika kwa vidonge. Wachache hukoma hedhi kabla ya miaka 40 kwa sababu ovari zao zimechoka mapema. Kwa hao kupevusha yai kwa dawa hakufaulu mara nyingi, nao huhitaji ushauri wa kina pamoja na tiba ya homoni kwa ajili ya mifupa na moyo.

5. Fibroidi: si kila uvimbe ni wa kukatwa

Fibroidi ni uvimbe wa misuli ya mji wa mimba usio saratani. Tafiti za altrasaundi zilizofanywa Marekani zilionyesha kwamba, kufikia umri wa miaka 50, karibu asilimia 70 ya wanawake weupe na zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi walikuwa nao. Kwa kuwa uvimbe huu ni wa kawaida kiasi hicho, kuukuta kwa mwanamke asiyeshika mimba hakuthibitishi kwamba ndio uliomzuia.

Jambo la kuangalia ni mahali ulipo. Ulioingia ndani ya nafasi ya mji wa mimba huzuia mimba kujishikiza na huleta hedhi nzito. Kuuondoa huboresha nafasi ya kushika mimba. Ulio katikati ya ukuta huleta mjadala, hasa ukiwa mkubwa au ukipinda nafasi ya ndani. Ulioota kwa nje hauzuii mimba, na kuukata kwa sababu ya ugumba pekee hakuna faida.

Uvimbe wa ndani huondolewa kwa histeroskopi, yaani kamera inayopitishwa ukeni bila kupasua tumbo. Mwingine huhitaji laparoskopi au kupasua tumbo. Mgonjwa aelezwe kwamba upasuaji huo unaweza kumwaga damu nyingi, kwamba makovu ya ndani yanaweza kubana mirija, kwamba atasubiri miezi kadhaa kabla ya kushika mimba, na kwamba ikiwa ukuta ulipasuliwa kwa kina, huenda akashauriwa kujifungua kwa upasuaji. Dawa zinazopunguza uvimbe kwa kuzima homoni huzuia pia yai lisipevuke, hivyo si tiba ya ugumba zenyewe.

6. Endometriosisi

Huu ni ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota mahali pengine, kama vile kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba au kwenye utumbo. Hukadiriwa kumpata mwanamke mmoja kati ya kumi katika umri wa kuzaa. Dalili yake kuu ni maumivu ya hedhi yanayomlaza mtu kitandani, yanayomkosesha shule au kazi mwezi baada ya mwezi. Kwa kuwa wasichana wetu huambiwa kwamba maumivu ya hedhi ni sehemu ya ukubwa, na kwamba yatakwisha wakizaa, wengi hukaa miaka bila kutambuliwa.

Vidonge vya homoni hutuliza maumivu, lakini haviongezi uwezo wa kushika mimba, kwani huzuia yai wakati vinapotumika. Kwa ugonjwa mdogo, kuondoa tishu hizo kwa laparoskopi huongeza nafasi ya mimba. Uvimbe wa damu ndani ya ovari unahitaji tahadhari: kuukata hupunguza pia akiba ya mayai, kwa hiyo daktari hupima kwanza umri, akiba hiyo na ukali wa maumivu. Ugonjwa ulioenea sana mara nyingi huelekeza kwenye utungishaji nje ya mwili.

7. Visababishi vinavyosahaulika

Makovu ndani ya mji wa mimba. Baada ya kukwanguliwa kizazi, hasa mara kwa mara au baada ya uzazi, kuta za ndani zaweza kushikamana. Alama yake ni hedhi kupungua sana au kukoma. Makovu hukatwa kwa histeroskopi. Kufyonza mabaki ya mimba kwa pampu ya mkono badala ya kukwangua kwa chuma hupunguza hatari hii.

Kifua kikuu cha via vya uzazi. Bakteria hutoka mapafuni kwa njia ya damu na kukaa katika mirija na utando wa mji wa mimba. Dawa za kawaida za kifua kikuu, zinazotumiwa kwa miezi 6, humponya mgonjwa, ila mirija iliyokwisha kuharibika hairudi kwa urahisi.

Kichocho. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, na katika maeneo ya bara yenye kichocho cha mkojo, mayai ya minyoo hukwama pia kwenye mlango wa kizazi, uke na wakati mwingine mirija. Huleta kutokwa damu na uchafu unaodhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Prazikuanteli huua minyoo, lakini vidonda vya zamani huweza kubaki, na kwa hiyo kuwatibu wasichana wangali wadogo kuna faida kubwa.

8. Uchunguzi huanza kwa watu wawili

Katika takriban nusu ya wanandoa wenye ugumba, mwanamume anachangia, akiwa peke yake au pamoja na mkewe. Hata hivyo, ni kawaida kumkuta mwanamke amepigwa picha mara tatu na kukatwa fibroidi, ilhali mume hajatoa hata chupa moja ya shahawa. Kipimo cha mbegu hakiumi na bei yake ni ndogo kuliko vipimo vingi vya mwanamke. Basi kifanyike mwanzoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini cha marejeo kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita moja na asilimia 42 zenye kutembea. Nguvu za kiume si ushahidi wa mbegu zenye afya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na methali hiyo inamhusu mume kama inavyomhusu mke.

Kwa ujumla uchunguzi hufuata mpangilio huu: historia ya wote wawili, kipimo cha mbegu, uthibitisho wa kupevuka kwa yai, altrasaundi, vipimo vya maambukizi, kisha picha ya mirija. Laparoskopi hufuata panapokuwa na sababu.

9. Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa kutunga. Mke ana miaka 33 na mume 36; wameoana miaka 5. Mke alipokuwa na miaka 22 mimba iliharibika, akapata homa na maumivu ya tumbo wiki mbili, akanunua vidonge vya siku tatu. Hedhi zake ni za kila siku 28. Tangu alipoolewa ametumia dawa za kuzibua mirija kwa miaka 3, na mawifi wamekwisha kumshauri kaka yao aoe mwingine. Altrasaundi inaonyesha fibroidi moja ya sentimita 3 iliyoota kwa nje. Je, tuanzie wapi?

Hedhi za mpangilio zinaashiria kwamba yai linapevuka, na fibroidi ya nje si ya kukatwa. Historia ya homa inaelekeza kwenye mirija. Mume anapimwa, mbegu ni nzuri. Picha inaonyesha mirija yote miwili imeziba nchani, mmoja umejaa maji. Uamuzi sasa ni kati ya upasuaji wa kufungua mrija ulio bora na kuuondoa mwingine, au kuondoa au kufunga mrija wenye maji na kuelekea kwenye utungishaji nje ya mwili. Katika miaka 33 njia zote mbili bado zina nafasi. Kila mwaka unaopotea huipunguza nafasi hiyo. Hasara kubwa ya zile dawa ilikuwa miaka 3 ya mayai, ambayo hakuna tiba inayoirudisha. Wanandoa hawa waketi pamoja mbele ya daktari, waelezwe gharama, nafasi ya kufaulu na njia nyingine kama kuasili mtoto, kisha waamue wenyewe bila shinikizo la ukoo.

Hitimisho

Ugumba una vyanzo vingi na kila chanzo kina tiba yake. Yai lisilopevuka hupevushwa kwa dawa. Uvimbe wa ndani huondolewa. Mrija uliozibwa na kovu huhitaji mkono wa mpasuaji au njia ya kuupita. Sehemu kubwa ya tatizo la mirija ingeweza kuzuiwa kwa kondomu, kupimwa na kutibiwa mapema magonjwa ya zinaa pamoja na mwenzi, uzazi salama, na huduma bora baada ya mimba kuharibika. Mwanamke anayetarajia kushika mimba aanze pia kutumia asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, ili kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini antibiotiki haiwezi kuzibua mrija uliozibwa na kovu?
2. Mwanamke wa miaka 37 amejaribu kupata mimba kwa miezi 7. Utamshauri nini?
3. Ni fibroidi ya mahali gani inayozuia mimba, na ipi haizuii?
4. Kwa nini mrija uliojaa maji huondolewa kabla ya utungishaji nje ya mwili?
5. Mgonjwa anakwambia ana chango la uzazi. Taja maswali matatu utakayomuuliza, na eleza kwa nini mumewe naye aitwe.